Panya 48 kwenye andiko, 252 kwenye vizimba

Andiko la kuomba ruzuku linasema panya 48: madume 24 waliozimwa jeni fulani na madume 24 wa kawaida wa kulinganisha nao. Mtakwimu ameridhika, mfadhili naye ameridhika. Miezi kadhaa baadaye msimamizi wa nyumba ya wanyama anapiga simu: mradi umepitiliza idadi iliyoidhinishwa, kazi isimame, na maelezo yaandikwe kwa kamati ya taasisi inayoidhinisha matumizi ya wanyama. Hakuna aliyedanganya. Walihesabiwa wanyama watakaopimwa, wakasahaulika watakaozaliwa.

Hesabu hiyo ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu matatizo ya kibali na ya fedha huzaliwa hapo kwa pamoja. Ukipandisha dume na jike ambao kila mmoja ana nakala moja ya jeni iliyozimwa, robo ya watoto ndio watakaobeba nakala zote mbili. Ukitaka madume peke yake, robo hiyo inakatwa nusu: ni mtoto mmoja kati ya wanane. Ili upate madume 24 inabidi wazaliwe na kufikia kuachishwa kunyonya watoto 192; wale 24 wa kawaida, ambao nao ni mmoja kati ya wanane, watapatikana humohumo. Kwa wastani wa watoto 6 kwa uzao mmoja, hiyo ni mizao 32. Na 192 ni wastani tu. Uwezekano wa kuambulia pungufu ya 24 ni karibu sawa na wa kuzidi. Ongeza kama asilimia 15, ufike 220. Weka jozi 16 za wazazi, yaani panya 32, kila jozi ikizaa mara mbili au tatu. Jumla ni 252.

Hao wote waandikwe kwenye itifaki, yaani maelezo ya kazi yanayopelekwa kwa kamati ili iidhinishwe, kila kundi na sababu yake: wazazi, watakaofanyiwa jaribio, na wale watakaozaliwa na aina ya jeni isiyohitajika. Uliza mapema taasisi yako inaanza kuhesabu lini, kwani nyingine huhesabu mtoto tangu siku ya kuzaliwa na nyingine tangu siku ya kuachishwa kunyonya. Tofauti hiyo ndogo inaweza kukuvusha au kukukwamisha.

Kabla ya kukubali 252, rudi kwenye neno “madume”. Mara nyingi limewekwa kwa mazoea tu, kwamba utafiti uliotangulia ulitumia madume. Ukichukua jinsia zote mbili, watoto wanaohitajika wanashuka hadi 96, kwa kuwa majike waliokuwa wauawe bila kutumika sasa wanaingia kwenye jaribio. NIH, taasisi za taifa za afya za Marekani, tangu Januari 2016 inawataka waombaji waeleze jinsia itakavyozingatiwa kama kigezo cha kibiolojia. Wengi walilichukulia agizo hilo kama mzigo mwingine wa karatasi. Kwenye mradi wa kuzalisha namna hii linaokoa maisha ya wanyama karibu mia moja na kupunguza bili kwa kiasi kikubwa. Ukaribishe mzigo wa aina hiyo.

Kuna aina mbili za masharti, na anayeingia kwenye kazi hii ajifunze kuzitenganisha tangu siku ya kwanza. Yapo yanayomlinda mnyama na kuyapa matokeo uzito. Yapo mengine ambayo taasisi imejitungia juu ya sheria, kwa hofu au kwa kurithi fomu za zamani. Yale ya kwanza yape muda wote yanaodai. Haya ya pili yaulizie kwa heshima na kwa ushahidi, maana yanakula saa ambazo zingetumika kumtazama mnyama.

Sheria ipi inakubana

Usijaze fomu yoyote kabla ya kujua ni sheria zipi zinaihusu kazi yako, kwani zinapandana. Marekani ina sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 1966, lakini panya wadogo na wakubwa waliozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo ndani yake, na ndege waliozalishwa kwa kazi hiyo pia hawamo. Hata hivyo, kazi ikilipiwa na NIH, sera ya Huduma ya Afya ya Umma, idara ya serikali ambayo NIH imo ndani yake, inawashika wanyama wote wenye uti wa mgongo. Kwa hiyo chumba kimoja chaweza kuwa na sungura walio chini ya wakaguzi wa wizara ya kilimo, na panya wasioguswa na wakaguzi hao lakini wanaoguswa na masharti ya mfadhili. Umoja wa Ulaya una agizo 2010/63/EU, linalowashika hata pweza na ngisi. Uingereza, tangu sheria yake ya mwaka 1986, inadai vibali vitatu: cha mtu anayemshika mnyama, cha mradi, na cha mahali kazi inapofanyika. Kibali cha mradi hakizidi miaka 5.

Taasisi nyingi hukimbilia kuweka sharti kali kuliko yote kwa kila mnyama, ili fomu iwe moja. Inarahisisha kazi ya ofisi, ila inamtwika mtafiti mzigo ambao hakuna sheria iliyomtwika.

Itifaki: pa kuandika kwa upana na pa kuandika kwa ukali

Mwaka 1959 William Russell na Rex Burch waliweka misingi mitatu ambayo karibu kila fomu ya itifaki imejengwa juu yake: kumbadili mnyama kwa njia nyingine inapowezekana, kupunguza idadi, na kuboresha utaratibu ili maumivu yapungue. Andika itifaki ukijua kwamba kila swali la fomu linarudi kwenye mojawapo ya hayo matatu, hata likiwa limeulizwa kwa lugha nzito.

Anza na muhtasari wa lugha nyepesi, sehemu ambayo wengi huiacha mwisho na kuiandika usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha. Kwenye kamati za Marekani zinazosimamiwa na sera ya afya ya umma lazima wawepo wajumbe wasiopungua 5, akiwemo daktari wa wanyama, mtu asiye mwanasayansi, na mtu asiye na uhusiano na taasisi. Ulaya nako muhtasari huo unachapishwa kwa umma. Mjumbe asiyeelewa mnyama atafanyiwa nini, siku gani, na ataisha vipi, atairudisha itifaki, na ana haki. Chora mstari wa muda wa mnyama mmoja: siku ya 0 anawasili, siku ya 7 anapasuliwa, siku ya 14 na ya 21 anatolewa damu, siku ya 28 anauawa. Mchoro huo mmoja hujibu maswali kumi ya wakaguzi.

Utafutaji wa njia mbadala ufanywe kwelikweli. Andika hifadhidata ulizotumia, tarehe, miaka uliyopekua na maneno uliyotafuta, na usitegemee hifadhidata moja. Kosa la kawaida ni kutafuta njia mbadala ya mnyama mzima, ukasahau njia mbadala ya utaratibu: badala ya sindano ya tumboni, je, dawa inaweza kutiwa kwenye chakula? Badala ya kumwua mnyama kwa kila kipimo, je, picha zaweza kumfuata mnyama yuleyule kwa wiki nne?

Kuhusu upana: itifaki inayosema “mikrolita 100 kwa sindano ya geji 27” (geji ni namba ya unene wa sindano) itakudai ombi la marekebisho siku sindano za geji 27 zitakapokwisha stoo. Andika “mikrolita 50 hadi 200, geji 25 hadi 30”, mradi mwisho wa juu wa kiwango ni salama kwa uzito wa mnyama na daktari wa wanyama amekubali. Vivyo hivyo kwa siku: “siku ya 14, pungufu au zaidi ya siku 2”. Upana wa namna hii ni halali na ni wa busara.

Mahali pasipotaka upana ni kikomo cha mateso. “Mnyama atauawa akionekana mgonjwa” ni sentensi isiyomsaidia mtunzaji wa zamu ya Jumapili asubuhi. Mwambie apime nini, mara ngapi, na kwa namba gani afanye nini. Kupungua uzito kwa asilimia 20 ni kikomo kinachotumika sana, ila ukifuga panya wenye uvimbe wa saratani kinaweza kukudanganya. Panya wa gramu 25 mwenye uvimbe wa gramu 2 anaweza kuwa amepoteza gramu 4 za mwili wake, na mizani ikaonyesha amepungua gramu 2 tu, sawa na asilimia 8. Kwa hiyo ongeza alama ya hali ya mwili, ile ya kupapasa mgongo na nyonga kwa kidole na kumpa mnyama namba kati ya 1 na 5, na useme wazi kwamba akishuka chini ya 2 anauawa siku hiyohiyo, uzito uwe umebaki vilevile au la. Andika pia ni nani anayeamua iwapo simu ya mtafiti haipokelewi. Jibu sahihi ni daktari wa wanyama, na mtafiti atie saini kwamba anajua hivyo.

Kosa linalorudisha itifaki nyingi kuliko kosa la kisayansi ni vifungu kupingana. Sehemu ya upasuaji inasema dawa ya maumivu itatolewa kila baada ya saa 12, jedwali la dawa linasema kila baada ya saa 8, mstari wa muda hauitaji kabisa. Hutokea mtu anaponakili itifaki ya zamani. Dawa yake ni nyepesi: chapa itifaki yote kwenye karatasi, chukua kalamu, zungushia kila namba, halafu hakikisha kila namba inayojirudia ni ileile. Inachukua saa mbili na inaokoa mwezi.

Mwezi, kwa sababu kamati nyingi hukutana mara moja kwa mwezi. Ukikosa siku ya mwisho ya kupokea maombi kwa saa moja, umekosa wiki nne. Ulaya, mamlaka inatakiwa itoe uamuzi ndani ya siku 40 za kazi tangu ombi lililokamilika lipokewe, na inaweza kuongeza 15 kwa miradi migumu. Tilia maanani neno “lililokamilika”: kiambatisho kimoja kikikosekana, saa haijaanza kuhesabu. Marekani ipo njia ya kumpa mjumbe mmoja au wachache walioteuliwa kuipitia itifaki bila kikao kizima, ila mjumbe yeyote akitaka kikao, kikao kitakuwepo. Mwonyeshe daktari wa wanyama rasimu yako wiki mbili kabla ya kuwasilisha. Pingamizi lake kwenye rasimu ni ushauri, na likija kwenye kikao linakuwa sababu ya kuahirishwa.

Kurudishiwa itifaki kunauma, tuseme ukweli. Mtu aliyesomea kazi hii miaka mingi anahisi anashukiwa ukatili. Usijibu siku hiyo. Kesho yake jibu kila hoja kwa namba yake, nakili swali, weka jibu chini yake, onyesha ukurasa uliobadilika. Jibu la hasira hurudi kwa wajumbe walewale, na wao ndio watakaopitia itifaki yako ijayo.

Fedha: hesabu kwa siku za kizimba

Bei ya kununua mnyama ndiyo watu huitaja kwanza, na mara nyingi ndiyo ndogo. Kinachomaliza ruzuku ni matunzo, yanayolipwa kwa siku ya kizimba: kizimba kimoja kwa siku moja. Ndani ya ada hiyo mna mishahara ya watunzaji, ambayo ndiyo sehemu kubwa, kisha matandiko, chakula, kuosha na kuchemsha vizimba, vichujio vya hewa, huduma ya daktari, na vipimo vya magonjwa. Hewa ya chumba cha panya hubadilishwa kwa kawaida mara 10 hadi 15 kwa saa, usiku na mchana, joto likiwa kati ya nyuzi 20 na 26. Mitambo hiyo hailali sikukuu, wala mtunzaji halali, maana wanyama lazima watazamwe kila siku.

Rudi kwenye mizao yetu 32. Mzao wa watoto 6 ukiachishwa kunyonya siku ya 21, madume na majike wanatenganishwa, vinakuwa vizimba viwili. Mizao 32 ni vizimba 64. Ukikata kipande cha sikio siku hiyo ya 21 na maabara ya jeni ikarudisha majibu baada ya siku 14, umelipa siku za kizimba 896 kwa ajili ya kusubiri tu. Ukichukua sampuli kuanzia siku ya 14, kipimo kikafanyika ndani ya wiki, siku ya kuachishwa kunyonya unajua nani anabaki. Sehemu kubwa ya siku hizo 896 haitakuwepo kabisa. Ni mabadiliko ya kalenda tu, wala hayadai ruhusa ya mtu yeyote ikiwa itifaki imeandika umri wa kuchukua sampuli kwa upana.

Kanuni nyingine ya fedha inayosahaulika: ada hupanda. Bajeti ya miaka 5 iliyotumia ada ya mwaka wa kwanza itapungukiwa. Ada ikipanda asilimia 5 kila mwaka, mwaka wa 5 unalipa karibu asilimia 22 juu ya mwaka wa kwanza kwa kizimba kilekile. Muulize msimamizi ada zimepanda kwa kiasi gani miaka mitatu iliyopita, uweke ongezeko hilo ndani ya bajeti na uandike sababu.

Yapo pia yasiyo kwenye ada ya kila siku: karantini, uangalizi baada ya upasuaji siku za mapumziko, kabati la chuma la dawa zinazodhibitiwa, mafunzo ya kila mtu mpya, kuchoma mizoga, na vipimo vya aina ya jeni. Panya kutoka taasisi nyingine ndio gharama isiyopimika. Cheti chao cha afya kikionyesha minyoo au virusi ambavyo nyumba yako haina, watakaa karantini wiki nyingi, au itabidi viinitete vyao vihamishiwe kwenye jike msafi ndipo kizazi kipya kiingie. Omba cheti cha afya kabla ya kusaini makubaliano yoyote ya kupokea wanyama. Na wakishawasili, hata wakiwa safi, wape siku za kuzoea, kwa kawaida 3 hadi 7. Mnyama aliyetoka kwenye gari jana ana homoni za msongo zitakazoharibu kipimo chako, na kisha atahitajika mwingine wa kumfidia.

Kazi za kila siku, na chupa moja kwa karibu

Makosa yanayoandikwa kwenye ripoti za ukaguzi si ya ajabu. Hujirudia yaleyale, na mengi hutokana na saa za kibaolojia za panya. Jike hupata joto, yaani huwa tayari kupandwa, mara tu baada ya kuzaa. Dume akiwa bado kizimbani, anashika mimba tena. Mimba ni siku 19 hadi 21. Kwa hiyo uzao wa pili unashuka wakati wa kwanza una siku kama 21. Ukichelewa siku mbili kuwaachisha, vichanga wanakanyagwa na kaka zao, na kizimba kimezidi idadi. Ukiweka majike wawili na dume mmoja, tatizo linakuja maradufu. Bandika kwenye kadi ya kizimba tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kuachisha, na mtu mmoja apite kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kwa kazi hiyo peke yake.

Dawa za maumivu ndizo zinazostahili kutazamwa kwa karibu. Buprenofini hutolewa kwa panya kwa kiwango cha miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa kilo. Panya wa gramu 25 kwa kiwango cha juu anahitaji mikrogramu 2.5. Chupa ya kawaida ina miligramu 0.3 kwa mililita, hivyo ungelazimika kuvuta mililita 0.008, kiasi ambacho hakuna sindano ya kawaida inayokipima kwa uhakika. Mkono ukitikisika kidogo, mnyama amepata mara mbili au hakupata kitu. Changanya mililita 1 ya dawa na 19 za maji ya chumvi yaliyo tasa, upate mikrogramu 15 kwa mililita. Sasa dozi ni mililita 0.17, inayopimika. Kwenye chupa mpya andika jina la dawa, ukali wake, tarehe ya kuchanganya, tarehe ya mwisho wa kutumika na jina la aliyechanganya. Kwenye daftari la dawa zinazodhibitiwa andika mililita 1 iliyotoka kwenye chupa mama, kisha kila 0.17 inayotoka kwenye chupa mpya na namba ya panya aliyeipata. Kilichobaki nacho kiandikwe kilivyoharibiwa, mbele ya shahidi.

Mkaguzi atajumlisha daftari na kulinganisha na chupa. Atageuza kila chupa atazame tarehe. Dawa ya usingizi, ya maumivu au ya kuulia iliyopita muda wake haikubaliki kwa mnyama aliye hai, hata kama mnyama huyo hataamka tena. Chagua siku moja ya mwezi ya kupekua droo zote, maana chupa inayoleta aibu huwa imejificha nyuma ya zile zinazotumika.

Kuua kwa gesi ya ukaa nako kuna kipimo: mtiririko ujaze asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa boksi kwa dakika, kwa mujibu wa mwongozo wa chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wa mwaka 2020. Boksi la lita 10 ni lita 3 hadi 7 kwa dakika, na kipima mtiririko kiwepo. Kukisia kwa sikio hakufai. Baadaye thibitisha kifo kwa njia ya pili. Panya aliyezinduka kwenye mfuko wa mizoga ni tukio la kutisha kwa mnyama na kwa aliyemkuta.

Kosa likitokea, toa taarifa siku hiyo. Sema nini kimetokea, wanyama wangapi, umefanya nini, na nini kitazuia lisirudie. Kamati huvumilia kosa lililoletwa na mwenyewe kuliko lililogunduliwa. Na kazi ikifanyika wakati itifaki imekwisha muda wake, NIH haikubali gharama za wanyama za kipindi hicho zitozwe kwenye ruzuku yake. Siku 10 za itifaki iliyolala, kwa vizimba 100, ni siku za kizimba 1,000 ambazo lazima mtu mwingine azilipe. Anza kuandika upya miezi minne kabla ya mwisho.

Mzigo unaoweza kupunguzwa

Uchunguzi uliofanywa Marekani miongoni mwa watafiti wanaolipwa na serikali kuu ulionyesha, mwaka 2005 na tena 2012, kwamba asilimia 42 ya muda wao wa utafiti inaishia kwenye shughuli za kiutawala. Mwaka 2018 ikawa zaidi ya asilimia 44. Takwimu hiyo inajumlisha ruzuku, fedha, ajira na mengine, lakini itifaki za wanyama zimo. Sheria ya mwaka 2016 iliyoitwa ya tiba za karne ya 21 iliagiza kanuni za wanyama zipitiwe ili kuupunguza mzigo huo. Mwaka 2021 wizara ya kilimo ikafuta sharti la mapitio ya kila mwaka, ikaweka mapitio kamili angalau kila baada ya miaka 3.

Ajabu ni kwamba zipo taasisi zilizoendelea kuwadai watafiti fomu ya kila mwaka, hata kwa panya ambao sharti lile halikuwahi kuwahusu. Hapa ndipo pa kuuliza: ni kifungu gani kinachodai hili? Uliza kwa maandishi, bila ukali. Jibu likiwa “ndivyo tulivyozoea”, omba liwekwe kwenye ajenda. Waulizie pia kama taasisi imepitisha utaratibu wa kubadili dawa ya usingizi, dawa ya maumivu au njia ya kuua kwa kushauriana na daktari wa wanyama, bila kurudi kwenye kamati. Utaratibu huo uliruhusiwa mwaka 2014 kwa kazi zilizo chini ya sera ya afya ya umma, mradi kamati imekwisha kupitisha miongozo yake. Mahali utaratibu huo upo, mnyama anapata dawa bora leo badala ya mwezi ujao.

Usiukate mzigo kwa kuwasukumia watunzaji. Wao ndio wanaowajua wanyama kwa tabia zao, na ndio wanaoitwa kuwaua siku ya mwisho. Mtunzaji aliyeelezwa utafiti unatafuta nini, na akaambiwa mapema kwamba wiki ijayo vizimba 40 vitafungwa, anabeba kazi hiyo kwa namna nyingine na yule aliyekuta orodha mlangoni asubuhi. Panga siku hizo zisirundikane juu ya mtu mmoja, na mtafiti mwenyewe awepo.

Kufunga mradi nako kuna taratibu zake. Mwanafunzi aliyekuwa akiwazalisha panya anamaliza masomo, anaondoka, na vizimba 30 vinabaki na kadi yenye jina lake. Kwa mwaka ni siku za kizimba 10,950 kwa wanyama ambao hakuna anayewahitaji, lakini hakuna anayethubutu kuwaua kwa kuwa aina ile ya jeni haipatikani kwingine. Gandisha mbegu za madume wachache walio katika umri wa kuzaa vizuri, uzihifadhi kwenye nitrojeni kimiminika sehemu mbili tofauti. Kisha yeyusha mrija mmoja, urutubishe mayai kwenye chombo, utazame kama viinitete vinakua. Panya wa aina ya C57BL/6, wanaotumika kuliko wengine, wanajulikana kwa mbegu zinazoathiriwa vibaya na barafu. Vizimba viwili vya mwisho vibaki mpaka jibu la kipimo hicho lirudi.